Fundi Saa

Hakodate, mwezi wa pili. Theluji imefika magotini
na duka la kufulia kwa sarafu liko wazi usiku kucha.
Nguo zangu za kiwandani zinazunguka kwenye mashine ya kukausha:
aproni mbili, soksi, taulo lenye harufu ya ngisi
isiyotoka hata uichemshe.
Pale pembeni, kati ya friji ya soda na ndoo ya kupigia deki,
limesimama sanduku la ndondi
la tangu zama zile nilipokuwa na kiuno.

Yeni mia. Natumbukiza.
Sita wa kwanza nawajua kama majirani:
yule mnene anayehema kabla ya kurusha,
yule wa kaptula nyekundu, mwingi wa majigambo,
mbavu kaziacha wazi.
Nawaangusha bila hata kuvua kofia.
Kisha anakuja wa saba.

Fundi Saa. Mwembamba, masharubu yamechanwa,
hatoki jasho, bendera yake haina nchi.
Hapigi kwa hasira, anapiga kwa ratiba.
Nikikinga juu, ngumi inaingia chini.
Nikikinga chini, taya linakwenda na maji.
Nikirudi nyuma, kamba zinanirudisha kwake
kama barua iliyokosewa anwani.
Moja, mbili, tatu, inahesabu mashine,
nami nakibonyeza kitufe cha kushoto,
kile kinachonata tangu mtu amwage soda,
nabonyeza kama anayegonga mlango wa choo,
saba, nane,
goti moja,
kumi.

Miezi mitano. Nilipiga hesabu mara moja, nikaacha:
pesa ile ingeninunulia buti.
Nimemtazama macho. Hayapepesi.
Nimemtazama mabega, glavu, hata masharubu.
Kiwandani Bi Tokiwa aliniuliza mbona siku hizi
nampasua ngisi kushoto, kushoto, kulia.
Nikamwambia ni mazoezi ya bega.
Si uongo wote.

Leo mtoto wa yule mama wa zamu ya usiku,
Rentaro, miaka sita, kamasi na kofia ya sufu,
kasimama kwapani mwangu. Kidevu chake hakifiki vitufe.
Akanitazama nikifa mara mbili, wala pole hakunipa.
Mara ya tatu akasema, kama anayesoma bei dukani:
"Anakunja kidole."
Kidole gani, na amevaa glavu?
"Cha mguu. Kiatu kinanyanyuka kidogo. Halafu anapiga."

Nikapiga magoti.
Miaka sitini na mmoja, magoti yanayolia kama bawaba,
kwenye vigae vyenye maji ya theluji,
mikono juu kama anayedokoa jikoni kwa watu,
macho usawa wa sakafu ya ulingo.
Na kweli. Kiatu cheusi. Ncha yake.
Kijidoa cha mwanga kinapanda, kinashuka.

Kikapanda: nikainama. Ngumi ikapita juu,
na kwa mara ya kwanza nikaona ubavu wake.
Kikapanda. Nikainama. Nikajibu.
"Sasa," anasema Rentaro. "Sasa. Bado. Sasa."
Fundi Saa hakuanguka kwa kishindo.
Aliketi chini taratibu,
kama mtu anayetafuta miwani yake.

Sikushangilia. Koo lilikataa.

Wa nane ni mwanamke. Hatukuwahi kumwona, si mimi wala mtoto.
Alitusalimu kwa kichwa, kwa adabu kabisa,
akanilaza kwa sekunde kumi na moja.

Mashine ikaomba jina, herufi tatu.
Nikaandika SHI, nusu ya Shizue,
nikakumbuka kwa lugha yetu hilo ni neno la kifo,
nikafuta. Nikaandika REN.

Mashine ya kukausha ilishanyamaza zamani,
nguo zimepoa na kujikunja.
Rentaro ananinyooshea ngumi yake ndogo, anaifungua:
yeni mia, ina joto la kiganja.
"Yule dada," anasema, "nadhani ni nywele."